Ukimya Baina ya Sauti katika Riwaya ya Girl, Woman, Other

Riwaya ya Bernardine Evaristo, Girl, Woman, Other (2019), husifiwa kwa wingi wa sauti zake: wahusika 12, wengi wao wanawake Weusi wa Uingereza. Hata hivyo, uzito wake umo katika yale wasiyoambiana. Carole alibakwa akiwa mwanafunzi. Mama yake, Bummi, aliyehitimu hisabati lakini akaishia kufanya kazi ya usafi London, haambiwi. Mwalimu wake, Shirley, anamsaidia kufaulu bila kujua kilichomsukuma, kisha ananung'unikia kukosa shukrani. Kwa kumpa kila mhusika sehemu yake, Evaristo anamfanya msomaji pekee asikie pande zote. Carole anapomshukuru Shirley mwishoni, siri ile ingali imefichwa. Wingi wa sauti, basi, haujawa mazungumzo.