Kushindwa Si Kasoro

Wasomaji wengi wa The Appeal (2008) ya John Grisham waliifunga kwa hasira. Kampuni iliyotia sumu maji ya mji wa Bowmore inanunua kiti katika Mahakama ya Juu ya Mississippi, na fidia ya dola milioni 41 inafutwa. Haki imeshindwa, wakasema, basi na riwaya imeshindwa.

Hoja hiyo haisimami ukiisomea Bluff, Durban. Hapa, King's Rest, waliishi Wazanzibari, wengi wao Wamakua waliokombolewa utumwani na kuletwa Natal kuanzia 1873. Katika miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi iliwahamishia Chatsworth, na ilifanya hivyo kwa sheria, si kwa kuivunja.

Kwangu kasoro iko kwingine. Jeannette Baker, aliyefiwa na mume na mwana, anatuponyoka mapema; kurasa nono zinakwenda kwenye kampeni ya uchaguzi (ambayo, nakiri, Grisham anaijua vyema). Hukumu inapotoka, tumemzoea zaidi Carl Trudeau, mwenye kampuni. Kisa cha King's Rest kikiandikwa hivyo, tutamjua karani aliyetia sahihi, na familia iliyobeba mizigo tutaiona kwa mbali.