Hisabu ya Mimweko Gizani

Vitabu vya fizikia vinavyosomeshwa katika skuli zetu za sekondari vina desturi ya kuieleza habari ya kugunduliwa kwa kiini cha atomu kwa aya moja na mchoro mmoja: chembe za alfa zinatoka katika chombo cha risasi, zinapiga utando mwembamba wa dhahabu, nyingi zinapita, chache zinarudi nyuma, na Ernest Rutherford, alipokwisha kuyaona hayo, anatangaza kwamba ndani ya atomu mna kiini. Maneno hayo si ya uongo, lakini yamefupishwa hata msomaji hudhani kwamba kazi yote ilikamilika alasiri moja. Hakika yake ni kwamba ilichukua miaka mitano, tangu 1908 hadi 1913, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza. Na kwa maoni yangu, sehemu yake yenye thamani kubwa si ule mwujiza uliotangulia, ambao kila mtu anausimulia, bali ni hisabu iliyofuata, ambayo vitabu vyetu huiruka pasipo kuitaja.

Kabla ya kukitumia chombo sharti ukijue, na chombo chao kilikuwa chembe ya alfa yenyewe. Rutherford, mzaliwa wa New Zealand, alihamia Manchester mwaka 1907 kutoka Montreal, Kanada, na huko alikuwa amekwisha kuona kwamba chembe za alfa zikipita katika ganda jembamba la ulanga hupindika yapata nyuzi 2. Upindo huo ni mdogo. Walakini chembe ya alfa huenda kwa mbio za kilomita zinazokaribia 20,000 kwa sekunde, na kitu cha mbio kama hizo hakipindiki hata kidogo ila kwa nguvu ya umeme iliyo kubwa kupita kiasi. Mwaka 1908 yeye na Thomas Royds wakatia gesi ya radoni ndani ya mrija wa kioo uliopulizwa mwembamba hata ukuta wake haukufika sehemu ya mia ya milimita, wembamba ambao chembe za alfa huweza kuupenya ilhali gesi yenyewe haiwezi. Wakauzungushia mrija wa pili uliotolewa hewa, wakangoja. Baada ya siku chache mwanga wa heliamu ukadhihiri katika mrija wa nje, ambamo hapakuwapo heliamu hapo kwanza, ikawa yakini kwamba chembe ya alfa ni atomu ya heliamu yenye chaji ya umeme.

Jambo la pili lilikuwa namna ya kuzihesabu. Rutherford na msaidizi wake Hans Geiger, Mjerumani mwenye mikono ya ustadi na subira isiyo na kifani, walitengeneza mrija wenye gesi na waya uliotiwa umeme, ambamo kila chembe inayoingia huitikisa sindano ya kipimo. Na kwa njia hiyo wakapata kwamba gramu moja ya radiamu hutoa chembe bilioni 34 kila sekunde. Lakini chombo kile kilikuwa na tabu zake, nayo ilikuwako njia nyingine iliyo nyepesi: kibao kilichopakwa unga wa salfidi ya zinki, ambacho chembe ikikipiga, hutoa mmweko mmoja wa nuru hafifu, unaoonekana kwa hadubini katika chumba cha giza. Wakalinganisha njia hizo mbili, wakaona kwamba, kibao kikiwa kizuri, mmweko mmoja ni chembe moja. Ulinganisho huo nauona kuwa ndio nguzo ya yote yaliyofuata, kwani pasipo kuwa na hakika kwamba jicho linahesabu kweli, idadi zote za Manchester zingekuwa dhana tupu.

Mwaka 1909 Geiger alikuwa akimfundisha kazi kijana wa miaka 20, Ernest Marsden, ambaye alikuwa hajapata shahada yake bado, na Rutherford akashauri kijana huyo apewe jambo la kujifunzia: aangalie kama zipo chembe za alfa zinazorudishwa nyuma na bamba la madini. Wakaweka mrija wa radoni wenye dirisha la ulanga ukielekea bamba. Na kati ya mrija na kibao cha zinki wakaweka pande la risasi, ili chembe isiweze kukifikia kibao ila kwa kurudi kutoka kwenye bamba. Mimweko ikaonekana. Wakabadilisha madini, wakahesabu kwa dakika: alumini ilitoa 3.4, chuma 10.2, shaba 14.5, fedha 27, bati 34, platini 63, dhahabu 67. Kadiri atomu inavyozidi uzito ndivyo inavyozidi kurudisha. Kisha wakapachika tando za dhahabu moja juu ya moja, na idadi ikaongezeka kwa kadiri ya unene hadi kufikia mpaka, dalili kwamba chembe hazikurudishwa na uso wa madini bali zilizama ndani kwanza. Kwa platini walikisia kwamba chembe 1 katika kila 8,000 hurudishwa.

Idadi hiyo ilikuwa ndogo, ila haikuwa ndogo ya kutosha kueleweka. Kwa rai ya J. J. Thomson, iliyokuwa ikifuatwa wakati huo, umeme chanya wa atomu umetandazwa katika tufe zima na elektroni zimepandwa ndani yake. Katika atomu ya namna hiyo hapana mahali pamoja palipo na nguvu ya kuigeuza chembe ya alfa, na kila upindo mkubwa sharti uwe ni jumla ya vipindo vingi vidogo vilivyotokea kuelekea upande mmoja. Geiger akapima upindo wa kawaida katika utando mmoja wa dhahabu, akapata kuwa haukufika nyuzi 1. Kujumlisha vipindo kama hivyo, ambavyo kila kimoja chaelekea upande wake kwa bahati, hata kufikia nyuzi 90 na kupita, ni jambo ambalo hisabu ya bahati hailiruhusu kutokea kwa kadiri ya 1 katika 8,000, wala kwa kadiri inayokaribia hapo.

Rutherford alikaa na tatizo hilo mwaka mmoja na zaidi, na mwezi wa Mei 1911 akachapisha jawabu lake katika jarida la Philosophical Magazine. Hakudai kuwa amekiona kitu. Alifanya kama nahodha anayejua mahali pa mwamba uliozama kwa kuyatazama mawimbi yanavyovunjika juu yake. Ikiwa umeme wa atomu umekusanyika mahali padogo mno katikati, basi upindo mkubwa ni kazi ya kukutana mara moja tu na atomu moja tu, na njia ya chembe ni mchirizi wa haipabola, ule mpindo ambao hisabu zake zilikwisha kujulikana zamani kwa nyota zenye mikia. Kutokana na dhana hiyo alipata kanuni moja yenye mashiko manne. Idadi ya chembe zinazoangukia eneo fulani la kibao ingewiana kinyume na sini ya nusu ya pembe ya upindo, ikiwa imepandishwa kipeo cha nne. Ingewiana na unene wa utando. Ingewiana na chaji ya katikati kwa kipeo cha pili. Na ingewiana kinyume na kasi ya chembe kwa kipeo cha nne. Kwa dhahabu, alikadiria, chembe iliyoelekea kati sawasawa ingefika umbali wa sehemu kama 34 za trilioni moja ya milimita kutoka katikati, yaani mahali padogo kuliko atomu yenyewe mara maelfu. Wala hakusema kama chaji hiyo ni chanya au hasi, maana kanuni hutoa jibu lilelile kwa hali zote mbili. Uaminifu wa namna hiyo, wa kutosema zaidi ya yale ambayo hoja inayabeba, unapendeza sana kuusoma.

Waraka ule haukupokewa kwa shangwe, na sababu yake si ngumu kufahamu: kanuni nzuri juu ya karatasi si ushahidi. Ushahidi ulitakiwa kutoka kwa Geiger na Marsden, ambao waliutoa mwaka 1913, na hapa ndipo ninapopenda msomaji atue nami.

Michoro ya vitabuni huonyesha kibao cha mviringo kinachouzunguka utando wote, kana kwamba mtu alisimama pembeni akatazama nuru ikimweka huku na huku. Haikuwa hivyo. Kilikuwapo kisanduku kizito cha madini, cha mviringo, kilichofungwa kwa kioo na kutolewa hewa ndani, kwa kuwa hewa nayo huzitawanya chembe na kuiharibu hisabu. Utando na chemchemi ya radoni vilishikiliwa palepale pasipo kuondoka, nayo hadubini, iliyokuwa imeungwa na sanduku, na kwenye ncha yake kibao cha zinki ambacho sehemu iliyotazamwa ilikuwa ya milimita 1 ya mraba, ilizungushwa pamoja na sanduku lote juu ya kiungo kisichopitisha hewa, juu ya duara iliyochorwa nyuzi. Mtazamaji, baada ya kukaa gizani hadi macho yake yazoee, huweka jicho, huhesabu kwa muda, huandika, kisha husogeza pembe. Kwa kazi hiyo walihesabu mimweko zaidi ya 100,000.

Ugumu wao mkubwa haukuwa uchovu bali tofauti ya idadi zenyewe. Kati ya nyuzi 5 na nyuzi 150 idadi ya chembe hupishana mara 250,000, ilhali jicho la binadamu haliwezi kuhesabu kwa yakini zaidi ya mimweko kama 90 kwa dakika, na ikiwa michache mno basi bahati hutawala hisabu. Chemchemi yenye nguvu ya kutosha kwa nyuzi 150 ingekifunika kibao kwa nuru kwenye nyuzi 15. Walitatua jambo hili kwa akili ambayo nadhani ndiyo ubora wa kazi nzima: radoni hupungua nusu kila baada ya siku 4 kasoro kidogo, kwa kanuni inayojulikana barabara, basi wakaanza na pembe kubwa siku ambayo chemchemi ilikuwa mpya na kali, na kadiri ilivyodhoofika wakateremka kwenye pembe ndogo, kisha wakasahihisha kila idadi kwa kuirudisha katika nguvu ya siku ya kwanza. Kufifia kwa chemchemi, ambako mtu mwingine angekulalamikia kuwa ni hasara, wao walikufanya kipimo.

Tazama matokeo ya dhahabu baada ya masahihisho hayo. Kwenye nyuzi 150 idadi ilikuwa 33.1, kwenye 120, 51.9, kwenye 75, 211, kwenye 45, 1,435, kwenye 30, 7,800, kwenye 15, 132,000. Ukizidisha kila idadi kwa sini ya nusu ya pembe iliyopandishwa kipeo cha nne, kama kanuni inavyotaka, unapata 28.8, 29.0, 29.1, 30.8, 35.0, 38.4. Idadi zilizoachana mara 4,000 zimekaribiana hata tofauti yao kubwa ni thuluthi moja. Anayetaka ukamilifu ataona kwamba zinapanda kidogo katika pembe ndogo, na wao wenyewe hawakuificha hali hiyo. Lakini hapana rai nyingine ya atomu, katika zilizokuwapo, ambayo ingeweza kukaribia hapo.

Mashiko mengine hayakuwataka muda mwingi kama hilo. Unene ulipoongezwa, idadi ya chembe iliongezeka kwa uwiano ulionyooka, kama inavyopasa ikiwa kila upindo ni wa kukutana mara moja. Kasi waliibadilisha kwa kuweka maganda ya ulanga mbele ya chemchemi, moja baada ya moja, na kila ganda likazipunguza mbio chembe. Idadi ya zilizopindika ikapanda kutoka 24.7 hadi 255, ambayo ni mara kumi, na kipeo cha nne kikasimama. Kwa chaji ya katikati walipata kwamba ni kama nusu ya uzito wa atomu kwa kipimo cha chaji ya elektroni, lakini wakakiri kuwa hisabu hiyo yaweza kukosea kwa asilimia 20.

Asilimia 20 ilikuwa nyingi mno kwa swali lililokuwa limezuka wakati huohuo, la kwamba nambari ya atomu katika jedwali la elementi, si uzito wake, ndiyo idadi ya chaji za kiini. Dhana hiyo ilitolewa na Antonius van den Broek, na Henry Moseley, mfanyakazi wa maabara ileile ya Manchester, akaitia nguvu kwa miali ya eksrei. Jawabu kutoka upande wa chembe za alfa lilichelewa kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza, likatoka Cambridge mwaka 1920 mikononi mwa James Chadwick, ambaye aliubadilisha utando kuwa pete, chemchemi upande mmoja na kibao upande wa pili, hata chembe nyingi zaidi za pembe ileile zikakusanyika mahali pamoja na hisabu ikawa thabiti. Kwa platini alipata chaji 77.4, kwa fedha 46.3, kwa shaba 29.3, na nambari zao katika jedwali ni 78, 47 na 29.

Mwaka uliofuata Chadwick na Étienne Bieler wakazirusha chembe hizohizo juu ya haidrojeni, ambayo kiini chake kina chaji moja tu na hakina nguvu ya kuizuia chembe ya alfa isikikaribie sana. Hapo kanuni ya 1911 ikashindwa: chembe zilizopindika zilikuwa nyingi mno kuliko hisabu ya umeme peke yake ilivyoruhusu. Kwa kuwa kanuni hiyo ilikwisha kujaribiwa kwa dhahabu pembe kwa pembe na mmweko kwa mmweko, ziada ile haikuweza kudhaniwa kuwa ni kosa la mtazamaji, ikabidi ihesabiwe kuwa ni athari ya nguvu nyingine isiyo ya umeme, iliyo karibu sana na kiini na isiyofika mbali nacho.