Koma Mbili na Wavuvi wa Liwatoni

"Fishermen, who use illegal nets, are destroying the reef." Sentensi hiyo ni yangu. Niliiandika kwa tovuti moja iliyokuwa ikinilipa kwa idadi ya maneno, nikaipenda, nikaenda nayo Liwatoni kumsomea mjomba huku akishona wavu. Nikamtafsiria hivyo hivyo na koma zake: wavuvi, ambao hutumia nyavu haramu, wanaharibu matumbawe. Akainua kichwa. "Kwani sisi sote twavua kwa juya, mwanangu?"

Mimi nilimaanisha wale wa juya tu. Lakini sentensi haikusema hivyo. Kwa Kiingereza, ukizungushia maneno koma mbili unamwambia msomaji kwamba hiyo ni nyongeza. Aifute na habari itabaki ile ile. Basi nikafuta. Kikabaki: wavuvi wanaharibu matumbawe. Wote, na mjomba ndani. Ondoa koma, na maneno yale yale yanaanza kuchagua: ni wale wanaotumia nyavu haramu, wengine hawamo. Ukiandika daraja la Liwatoni, ambalo lilifunguliwa mwaka wa 2021, lilikuwa likielea, koma ni sawa kabisa, kwa sababu daraja lenyewe lilikuwa moja. Wavuvi ni wengi.

Shuleni tuliambiwa koma ni kipumuo: pumzi ikikata, weka. Jina nalipenda, na kwa hotuba lafaa. Hapa linadanganya. Sentensi yangu niliisoma kwa sauti, nikapumua vizuri tu, na bado nikawasingizia watu. Wala tusijifiche nyuma ya "Kiingereza si chetu". "Wavuvi wanaotumia juya" si sawa na "wavuvi, ambao hutumia juya". Tulikariri umoja na wingi hadi usiku, lakini sikumbuki somo hata moja lililouliza ni nani yumo ndani ya sentensi na nani yuko nje.

Wanaosema huu ni unoko wa walimu wamtazame Roger Casement, yule konseli wa Uingereza ambaye ripoti yake ya 1904 ilianika ukatili wa utawala wa Leopold kule Kongo. Mwaka wa 1916 alishtakiwa London kwa uhaini, kwa kujaribu kuwaandikisha mateka wa Kiayalandi nchini Ujerumani wapigane na Uingereza. Sheria yenyewe ilikuwa ya 1351, kwa Kifaransa cha kale. Ilitaja kuungana na maadui wa mfalme ndani ya milki yake, kuwapa msaada humo, au kwingineko. Wakili wake alidai uhaini lazima utendeke ndani ya milki. Mahakama ikaona maneno ya msaada ni nyongeza ya katikati, kwa hiyo "kwingineko" likarudi kushika kuungana na maadui, Ujerumani ikiwemo. Majaji wawili walikwenda hadi kwenye hati ya asili kutafuta alama. Casement alinyongwa tarehe 3 Agosti. Watu wakasema amenyongwa na koma. Wametia chumvi kidogo, maana koma peke yake haikumhukumu, lakini naelewa kwa nini msemo umedumu.

Yangu haikuua mtu. Niliwaandikia wale wa tovuti waziondoe koma zote mbili. Walijibu siku ya tatu, kwa heshima sana. Waliondoa ya kwanza, ya pili wakaiacha.