Dodoso la Waterloo likifika Raskazone
Mtoto anacheza chandimu, anapiga kwa kulia. Tushaandika: mguu wake ni wa kulia! Ngoja kwanza. Mguu uliobeba mwili wakati ule ni wa kushoto. Hapo dodoso la Waterloo la Kanada (1998) nalipa hongera: linauliza mguu wa kupiga mpira na pia wa kusimamia. Lina hata swali la kusawazisha mchanga ufukweni, utadhani liliandikwa hapa Tanga.

Kasoro ni kumsomea mtoto wa miaka 4. Atajibu lolote akuridhishe. Mpe mpira, mwambie aruke kwa mguu mmoja, rudia siku nyingine. Umri huo wengi bado hubadilisha miguu. Na binti asiyewahi kupewa mpira? Huyo anza naye kwenye kuruka.