Mstari Mmoja Juu ya Ukurasa

Ukiingia upande wa kuhariri wa ukurasa wowote wa ArchWiki, karibu kitu cha kwanza utakachokutana nacho ni mstari mfupi uliofungwa ndani ya mabano ya mraba: neno Category, nukta mbili, kisha jina la jamii. Mashine huusoma mstari huo na kuupeleka ukurasa kwenye orodha ya wenzake. Msomaji wa kawaida huliona jina la jamii chini kabisa, kwa herufi ndogo, na hupita. Kuuandika mstari ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kujua uandike nini ndiyo kazi ninayotaka kuisifu hapa, kwa sababu wanaoifanya hawasifiwi kabisa.

ArchWiki ni kitabu cha maelekezo cha Arch Linux, mfumo endeshi wa kompyuta unaotengenezwa na watu wa kujitolea, na sifa yake imewavuta hata watumiaji wa mifumo mingine ya Linux. Mtu anayejua jina la anachokitafuta hana shida: huliandika kwenye kisanduku cha kutafutia, basi. Shida ni ya yule asiyelijua. Kwenye duka la spea la Kariakoo mteja husema tu "kile kidude kinachokaa kando ya feni", na muuzaji mzoefu hunyoosha mkono mpaka kwenye rafu inayohusika. Jamii za wiki ni rafu hizo, ila hapa muuzaji alishaondoka zamani, na alilazimika kumfikiria mteja kabla hajafika. Anayefungua jamii ya mitandao isiyo na waya akiwa amesikia habari za wpa_supplicant peke yake, programu ya kuunganisha kompyuta na mitandao hiyo, atakuta nyingine, iwd, imekaa kwenye orodha ileile. Ndipo atakapojua kwamba kumbe kuna njia ya pili. Kisanduku cha kutafutia kisingemwambia, maana hakuuliza.

Wiki ya kwanza kabisa haikuwa na chombo chochote cha kazi hii. Ward Cunningham aliiweka hadharani tarehe 25 Machi 1995 kwa ajili ya waandishi wa programu waliotaka kukusanya mbinu za ufundi wao. Jamii huko zilikuwa mapatano ya wenyeji tu. Mwandishi aliweka mwishoni mwa ukurasa neno lililoanza na Category, basi. Ukitaka orodha, ulifungua ukurasa wenye jina hilo ukabonyeza kichwa chake, na mashine ikatafuta kurasa zote zilizolitaja. Napenda sana ujanja huu: haukuhitaji mstari mmoja mpya wa programu, ulihitaji watu wanaoshika neno lao. MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia na ArchWiki pia, ilipata jamii za kweli mwaka 2004.

Lakini hata hizo za kweli zinategemea nidhamu ya watu kuliko wengi wanavyodhani. Jamii haina daftari lake la wanachama. Uanachama umeandikwa kwenye kila ukurasa, mmoja mmoja. Ukibadilisha jina la jamii, kinachohama ni ukurasa wake wa utangulizi. Wanachama hubaki walipokuwa, chini ya jina la zamani, mpaka mtu au roboti apite kuwahamisha. Ukikosea herufi moja, mashine haikukatalii: inaanzisha jamii nyingine yenye ukurasa mmoja na kiungo chekundu. Ukiiweka jamii ya kwanza ndani ya ya pili, na ya pili ndani ya ya kwanza, mashine itakubali pia, na msomaji atazunguka humo kama aliyepotea msituni. Mashine haijui maana ya chochote kati ya hivyo. Anayejua ni mhariri.

Ndiyo maana ArchWiki imejiwekea sheria zake. Kila makala lazima iwe na jamii moja angalau. Inaweza kuwa nazo zaidi, mradi moja isiwe mzazi wa nyingine. Sheria ya pili yaonekana ndogo, ila imebeba busara ya kazi yote. Chukua ukurasa wa kompyuta mpakato ya Lenovo. Mgeni mwenye bidii ataubandika kwenye jamii ya Lenovo, kisha kwenye jamii ya kompyuta mpakato, kisha kwenye ya vifaa kwa jumla, akidhani anamrahisishia msomaji. Wakifanya hivyo wote, jamii ya juu inafurika, na MediaWiki huonyesha wanachama 200 tu kwa mara moja. Fundi huuweka chini kabisa panapoufaa, akaliacha tawi lifanye kazi yake. Lakini ukurasa wa kusimba diski ni suala la usalama na ni suala la hifadhi kwa usawa, na hakuna upande ulio mzazi wa mwingine. Huo una haki ya kukaa kote kuwili. Kutofautisha hali hizi mbili kunataka uwe umeusoma ukurasa, si kichwa chake tu.

Kuna pia ufundi wa kukataa. Kuanzisha jamii mpya kuna utamu wake, na wiki nyingi zimejaa jamii zenye kurasa mbili ambazo hakuna aliyezirudia. Mbaya zaidi ni ile ya "Mengineyo". Mhariri akiifungua hiyo, amekiri kwamba amechoka kufikiri, na baada ya mwaka mmoja itakuwa kubwa kuliko zote.

Wiki ya mradi wenyewe wa MediaWiki imepunguza sehemu ya kazi hii kwa kigezo. Anayeandika ukurasa wa kiendelezi, yaani programu ya nyongeza, hujaza fomu: ni cha aina gani, kimekomaa au kingali cha majaribio au kimeachwa bila mtunzaji. Kigezo kinauweka ukurasa kwenye jamii zake chenyewe. Hali ikibadilika, unabadilisha neno moja na ukurasa unahama. Ni utaratibu mzuri kwa mambo yenye jibu moja. Kwa mambo ya kupima, kama lile la usalama na hifadhi, bado sijaona kigezo kinachomzidi mtu aliyetulia.

Sisi wa Kiswahili tuna kazi yetu ya ziada. Wikipedia yetu nayo inaendeshwa na MediaWiki, na kurasa nyingi za mito zinaanza na neno "Mto". Ukiziacha hivyo, jamii nzima ya mito inarundikana chini ya herufi M. Dawa ni ufunguo wa kupangia: baada ya jina la jamii unaweka mstari wa wima, kisha neno la kufuata, na Mto Rufiji unakwenda kwenye R. Wahariri waliofanya hivi ukurasa kwa ukurasa wametusaidia sana, wala majina yao hayaonekani popote isipokuwa kwenye historia ya mabadiliko.

Ukitaka kuingia kwenye kazi hii, MediaWiki ina ukurasa maalumu unaoorodhesha kurasa zisizo na jamii hata moja. Anza hapo. Chagua mmoja, usome mpaka mwisho, fungua jamii unayoikusudia uone waliomo, ndipo uandike mstari wako na sababu yake kwa maneno machache kwenye muhtasari wa mabadiliko.