Tarakimu 20 za NIDA na fomu inayojua inachopokea

Tuseme mvuvi wa Kipili, wilayani Nkasi, anaomba leseni kwa fomu ya mtandaoni. Anajaza jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania) na namba ya simu. Akibonyeza "Tuma", vyote husafiri vikiwa maandishi matupu. Seva ndiyo inayoyageuza kuwa tarehe au namba na kuyapachika kwenye modeli, yaani umbo la taarifa ambalo programu hulitumia. Makosa mengi huzaliwa kwenye kugeuza huko, hata kabla ukaguzi haujaanza.

Tuanze na NIDA. Namba hiyo ina tarakimu 20. Ukiitangaza kuwa namba kamili ya biti 64 haitaenea, kwa kuwa kikomo chake cha kawaida kina tarakimu 19. JavaScript ni mbaya zaidi: ikishavuka 9,007,199,254,740,991 hubadilisha tarakimu za mwisho bila kulalamika. Dawa ni kuihifadhi kama maandishi. Namba ya simu nayo ni hivyo hivyo, la sivyo 0 ya mwanzo itapotea. Kisichojumlishwa wala kuzidishwa, usikiite namba.

Tarehe ina mtego wake. Seva iliyoachwa kwenye mpangilio wa Marekani husoma mwezi kwanza. 25/03/1990 itakataliwa, maana hakuna mwezi wa 25, na hiyo ni afadhali. 05/03/1990 itapita, na aliyezaliwa Machi 5 ataandikwa Mei 3. Kanuni za sehemu moja moja, kama "lazima ijazwe" au "isizidi herufi kadhaa", hazitaliona kosa hilo. Lakini tarakimu 8 za mwanzo za NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa: 19900305. Linganisha sehemu hizo mbili, kosa litajitokeza. Ujumbe useme wazi: "Tarehe hailingani na namba ya NIDA." Kisha fomu irudi na yote aliyokwisha kuandika, kwa sababu mtandao ukiyumba, wengi wakiambiwa waanze upya huacha.

Hatari nyingine ni seva kupachika kila kinachokuja. Modeli ikiwa na sehemu ya "imeidhinishwa", mjanja anaweza kuiongeza kwenye ombi lake hata kama haimo kwenye fomu. Machi 2012, mtengenezaji programu Egor Homakov alitumia mwanya wa aina hiyo kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, akajipa ruhusa ya kuandika kwenye hazina ya Ruby on Rails, mfumo wa kutengenezea tovuti. Rails 4, iliyotoka 2013, ikawataka watengenezaji wazitaje sehemu zinazoruhusiwa.

Kivinjari hakiwezi kumzuia mjanja wa namna hiyo, kwani ukaguzi wa kivinjari hurukwa kirahisi. Huo ni wa kumsaidia mwombaji. Wa kulinda taarifa ufanyike kwenye seva, kwa mpangilio huu: taja sehemu unazozipokea, geuza kwa kufuata mtindo wa tarehe wa hapa nchini, kagua moja moja, linganisha, ndipo uhifadhi.