Mlo wa Awamu Mbili

Keti kwenye kiti cha plastiki pale Kisutu, katikati ya Dar es Salaam, Ijumaa saa mbili usiku. Agiza mishkaki. Robo saa haiishi, imeshafika mezani, laini na bado inachuruzika mafuta. Nyama yenyewe ni ya ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye nundu, aliyezoea kutembea kutafuta malisho na maji. Nyama ya namna hiyo ukiitoa buchani na kuibandika mkaani hapo hapo, utaitafuna mpaka taya zilalamike. Sasa ile robo saa imewezaje?

Haikuweza. Kazi ilikwisha tangu mchana. Huu ni mji ninaoishi na ndimo ninamozunguka kula wikiendi, na kadiri ninavyozoea kutazama mikono ya mpishi kabla ya sahani, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba chakula kizuri cha mtaani Dar, kwa sehemu kubwa, hupikwa mara mbili. Mara ya kwanza ni taratibu, uani, hakuna mteja anayeangalia. Mara ya pili ni chapuchapu, mbele ya macho yako, kwa moshi na mbwembwe. Tunalipia mbwembwe, lakini utamu umeamuliwa uani.

Tuanze na mishkaki yenyewe, maana hapo ndipo ufundi uko wazi zaidi. Nyama hukatwa vipande vidogo na kusuguliwa kwa papai bichi lililosagwa, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, chumvi na pilipili. Papai bichi lina kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho kazi yake ni kukatakata protini. Tangawizi nayo ina chake. Watu hudhani papai linamaliza kazi yote wakati nyama imelala kwenye beseni, kwa hiyo wengine huiacha humo tangu jana yake. Matokeo yake ni nyama iliyolegea kama uji kwa nje na bado ngumu kwa ndani, kwa sababu papaini haipenyi mbali. Nguvu yake kubwa hutokea joto likiwa kati ya nyuzi 60 na 70 za Selsiasi, yaani wakati mshkaki uko juu ya jiko na unapanda joto; likizidi sana hapo, kimeng'enya hufa. Saa chache za kulala zinatosha. Na kipande kidogo si ubahili wa muuzaji: kipande kikiwa kidogo, papai linagusa sehemu kubwa zaidi ya nyama.

Halafu angalia mpangilio kwenye chuma. Mchomaji anayejua kazi huweka kipande cha mafuta kati ya vipande vya nyama tupu. Mafuta yale huyeyuka, yakadondokea makaa, yakaungua, na moshi wake ukapanda kurudi kwenye nyama. Harufu inayokuvuta kutoka ng'ambo ya barabara ni ya matone hayo zaidi kuliko ya mkaa wenyewe. Ndiyo maana sina hofu kubwa kama ya wenzangu wanaosema mishkaki itakufa Serikali ikifanikiwa kutuhamisha kwenye mkaa. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Jiko la gesi lenye bamba la chuma au mawe ya moto ya kupokea matone linaweza kutoa moshi unaokaribiana sana na ule tuliouzoea. Tutakachokosa ni yule kijana na kipepeo chake, anayejua kusubiri makaa yavae majivu ndipo aweke nyama. Moto wa ndimi haumfai mtu. Unachoma nje na kukuachia ndani mbichi.

Kuku wa kuchoma wa mitaa hiyo hiyo ya katikati ya mji, mwenye asili ya majiko ya Wahindi wetu, anafuata kanuni ile ile kwa hatua moja zaidi: mchuzi wenye nyanya na sukari hupakwa mwishoni kabisa. Sukari ikiwahi jikoni huungua na kuwa chungu. Ukiletewa kuku mweusi mwenye ukakasi, hujaletewa kuku aliyeiva sana, umeletewa kuku aliyepakwa mapema.

Jumamosi asubuhi ni zamu ya supu, na wanaokwenda kuzimua wananielewa. Makongoro ndiyo mfano safi wa awamu ya kwanza ndefu. Miguu ya ng'ombe imejaa kolajeni, kamba ngumu ambazo kwa saa nyingi za moto mdogo hugeuka kuwa jelatini. Mpishi akiharakisha kwa moto mkali, maji yanachafuka na kupungua kabla kamba hazijalegea. Kipimo changu ni midomo: supu iliyokesha jikoni huifanya midomo inate kidogo unapoifunga. Supu isiyonata ni maji ya chumvi yenye ndimu, hata ikiwa na nyama nyingi kiasi gani. Awamu ya pili hapa ni fupi mno, bakuli, ndimu, pilipili, basi. Vitumbua vya jirani yake navyo vilianza usiku, mchele ulipolowekwa kisha ukasagwa pamoja na tui la nazi, iliki na hamira. Ukikuta kitumbua kizito bila vitundu ndani, jua hamira haikupewa muda.

Mchana ukipanda basi la mwendokasi mpaka mwisho wa njia, Kivukoni, unashuka jirani na Soko la Samaki la Feri, na hapo kanuni yangu inavunjika. Unanunua samaki, unampeleka kwa wakaangaji, anaingia kwenye karai, unakula. Hakuna awamu ya kwanza, wala haihitajiki. Nyama ya samaki ina nyuzi fupi na kolajeni kidogo inayolegea kwa joto dogo tu. Kumpika mara mbili ni kumkausha. Kazi yote ya Feri imehamia kwenye kuchagua: jicho linalong'aa, matamvua mekundu, nyama inayorudi ukiibonyeza. Anayekuletea samaki aliyekwisha kukaangwa tangu asubuhi na kumrudisha karaini ili apate moto anakuuzia ganda.

Pweza, ingawa anatoka bahari hiyo hiyo, ni kinyume chake kabisa. Ana kolajeni nyingi kuliko samaki yeyote wa karai lile, kwa hiyo hana njia ya mkato. Huchemshwa polepole, kwa maji kidogo sana, kwa sababu yeye mwenyewe huachia maji mengi, na maji hayo ndiyo supu. Anayemzamisha kwenye sufuria ya maji ameichuja supu kabla haijazaliwa. Jioni utamkuta mezani kando ya barabara, Kariakoo au Magomeni, akikatwa vipande vya kuchomwa kwa kijiti, na kikombe cha supu yenye pilipili pembeni. Wanaume wanaoinywa huku wakitazama chini wana sababu zao. Mimi naisifu kwa ladha.

Sasa chipsi mayai, zege, chakula ambacho waandishi wa mapishi hukipita kana kwamba hakina ufundi. Kina ufundi, ila watu wanautafuta mahali pasipo. Viazi, vingi vikiwa vimetoka Njombe na Mbeya, hukatwa na kukaangwa kwa wingi mpaka viive, kisha huwekwa kwenye kabati la kioo. Vikikaa, unyevu wa ndani husogea kwenda nje na ganda hulegea. Mteja mjuaji huona chipsi zile zimelala na kudai zikaangwe mpya. Kwa chipsi kavu ana haki. Kwa zege amekosea. Chipsi iliyotoka mafutani sasa hivi ni kavu na ngumu: ukiimwagia yai, yai linateleza na kutulia chini ya flampeni, na wakati wa kugeuza sahani nzima inasambaratika. Chipsi iliyolegea hupinda, hulala pamoja na wenzake, na yai hupita katikati na kuzishika zote kuwa kitu kimoja. Kabati la kioo, kwa zege, ni sehemu ya mapishi.

Baada ya hapo ni suala la moto. Yai huanza kuganda kwenye nyuzi sitini na kitu, kwa hiyo flampeni iliyowaka kupita kiasi huunguza chini huku juu bado kunatetemeka. Mkaangaji mzuri hupunguza moto mara tu akishamwaga, husukuma kingo kuelekea kati, kisha hufunika kwa sahani na kupindua kwa mkupuo mmoja. Wanaogeuza vipande vipande wanatengeneza mayai ya kuvurugwa yenye viazi, na bei haishuki.

Lakini kabati lile lile ndilo lenye hatari yangu kubwa ya wikiendi, na hapa sicheki. Kati ya awamu ya kwanza na ya pili kuna muda, na muda huo una sheria zake. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, na kinachosubiri kuliwa kikae juu ya nyuzi 60. Taa iliyo kabatini huonyesha chakula vizuri. Kukitunza kwa joto hilo ni jambo jingine. Chipsi zinavumilia. Kuku na mishkaki iliyochomwa nusu haivumilii, hasa mwezi Februari ambapo Dar yenyewe ni tanuri. Kwa hiyo mimi huangalia mwendo wa kabati kabla ya usafi wa meza. Kibanda chenye foleni kinamaliza kilichopikwa kabla saa hazijatimia. Kibanda kitulivu chenye kabati lililojaa saa nne usiku nakipita hata kama mwenyewe ananiita mjomba. Mafuta nayo husema: yakiwa meusi, yakitoa povu lisilokatika na moshi kabla hayajapata moto wa kutosha, yamekaanga mengi mno.

Jumapili mchana nakula urojo, ambao mitaa ya Upanga huuita miksi. Umekuja na Wazanzibari, na mjadala wa nani anaupika vyema unawahusu wao. Kinachonivutia ni uji wake wa njano. Unga, manjano na maji hupikwa mpaka viwe vizito, na uchachu wa embe bichi, ukwaju au ndimu huwekwa ndani. Asidi ikichemka muda mrefu pamoja na wanga huuvunja, na uji uliokuwa mzito hurudi kuwa maji. Anayetia uchachu mwishoni, moto ukiwa umeshapungua, hubaki na mchuzi unaoshika kijiko. Anayeutia mwanzo hulazimika kuongeza unga kila mara, na unaanza kusikia ubichi wa unga ulimini. Vingine vyote, kachori, bajia, viazi, chatne ya nazi, yai, mishkaki, vimepikwa kila kimoja peke yake na vinakutana bakulini sekunde chache kabla ya kuliwa. Chipsi za muhogo huwekwa za mwisho kabisa, juu, ili zivunjike meno yakizifikia. Ukiona muuzaji anazizamisha kwanza, hajui kwa nini ziko pale.

Jioni ni Coco Beach na mihogo. Ya kukaanga na ya kuchoma yote ipo, na mimi ni wa kuchoma: muhogo unaiva taratibu juu ya makaa, unapasuliwa katikati, unapakwa pilipili, chumvi na ndimu wakati mvuke bado unatoka, maana ukiwa wa moto ndio unaokunywa ndimu ile. Ukishapoa hukakamaa, na ukifungwa mfukoni mvuke wake huloanisha ganda ulilolilipia. Wapo wanaobeba wa kuwapelekea watoto Mbezi Beach. Kwa foleni ya Barabara ya Bagamoyo Jumapili jioni, bora wawalete watoto.